Kaduka ka vipande vya radio ku Birere, na ile kontrola ya muziki nilijitengenezea

Bon, watu watatu sasa wameniuliza ku WhatsApp ile kasha yangu ya mbao yenye mabutoni ya sonneti za mlango niliinunua wapi. Sikuinunua. Ni kontrola, kasha ya kuzungusha na kufinya ya kuendesha programu ya muziki ku kompyuta. Niliitengeneza mi mwenyewe, mi ambaye mwanzo wa mwaka sikuwa najua hata kushika feri ya kusude (ile chuma ya moto ya kuunganisha vipande) bila kujichoma. Donc naandika mara moja juu ya watu wote, juu ya kale kaduka ka papa moja fundi wa radio ku Birere, hapa Goma, fasi vipande karibu vyote vilitokea, na pia juu ya kabodi ka elektroniki kenye kako ndani yake, kanaitwa Pro Micro, vile kanafanya kazi na vile kanasumbua. Kama uko Goma na unatengenezaka muziki ku kompyuta, soma. Itakuwa refu, mnisamehe, niko mtu wa maneno.

Shida yangu ilikuwa hivi. Mi ni mpiga kinanda wa kanisa, na ku nyumba natengenezaka mabiti ku FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, na maus. Kila kitu na maus. Sasa ukitaka kupandisha gita ya sebene na kushusha ngoma wakati moja, utafanya ginsi gani? Maus ni moja, unashusha hii, unakimbia kupandisha ile, wakati unafika sebene imeshaisha na watu wamekaa. Wenye pesa wananunuaka kontrola ya Akai ao Korg, ile nanoKONTROL2 ya Korg iko na faderi 8 (zile za kusukuma juu na chini) na vya kuzungusha 8, kitu ya muzuri kabisa siwezi kudanganya, lakini paka ifike huku kwetu kuna mwenye kuileta, kuna barrière, kuna "ongeza kidogo", na mi mu mfuko nilikuwa na dola 40 na hamu mingi.

Kitu kilinipa moyo ni pale nilielewa kwamba kontrola haina sauti ndani yake. Hata kidogo. Inatumaka manamba tu. Ile luga ya MIDI ilitoka mwaka 1983, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland kule Japani njo walisukuma makampuni ya vinanda yakubaliane kusema luga moja, na paka leo hata programu ya kompyuta yako inaisema. Ukizungusha kakitu, kontrola inatuma manamba tatu: mimi ni wa kuzungusha ku chaneli hii, namba yangu ni hii, na sasa nimefika hapa. Ile "nimefika hapa" inaanzia 0 inaishia 127. Basi. Hautengenezi kinanda, unatengeneza karani wa kuhesabu. Nikasema hiyo hata mi naweza.

Kosa la kwanza nilifanya mbele hata ya kufika Birere. Niliingia mu duka moja ya vitu vya elektroniki mu mji, kubwa, yenye vioo na kijana wa shati nyeupe, jina sitataja. Nikasema nalomba Arduino, kabodi kadogo kenye unakaandikia programu ya kufanya kazi, ya kutengeneza kontrola ya MIDI. Kijana akanitoshea Uno, aina moja ya Arduino, ile ya kuiga, dola 15, nikamuuliza hii itafanya MIDI? Akasema "inafanya yote". Inafanya yote kweli, isipokuwa ile nilikuwa nataka! Juu Uno ya hivi iko na kachipu ka CH340 pale ku USB, na ukiichomeka ku kompyuta, kompyuta inaiona kama porti tu ya kupitishia maneno, haiioni kama chombo cha muziki. Kipande chenye unatafuta ni chipu ya ATmega32U4, ile iko ndani ya Arduino Leonardo, Micro na Pro Micro, hiyo njo inaweza kujiita yenyewe chombo cha muziki bila mtu wa katikati. Kesho yake nikarudisha bodi ikiwa ingali mu nailo yake. "Kitu ikitoka mu duka hairudi." Ile shati nyeupe haikunitazama hata mara mbili.

Kwa wenye wamebambwa kama mi, kuna njia. Wiki tatu nilitumia ile Uno na programu mbili za bure, Hairless inakamata manamba kutoka ku porti, loopMIDI inafanya kama waya ya uongo ndani ya Windows, kisha FL Studio inapokea. Inafanya kazi. Lakini unapaswa kufungua vitu vitatu kila mara, na kila ukitaka kubadilisha kodi ku bodi (kodi ya programu, si ya nyumba, ile ya nyumba ni shida ingine), unapaswa kwanza kufunga Hairless juu imekamata porti, mi nilikuwa nasahau, kompyuta inaandika kosa jekundu, nafikiri bodi imekufa, moyo unaruka. Kila siku hivi. Nikachoka.

Njo rafiki yangu wa koro akaniambia, wewe unapoteza pesa mu mji, enda ku Birere kwa papa wa radio.

Kaduka kenyewe usitafute enseigne, haiko. Ni mlango wa mbao moja mu ile njia ya wenye kutengeneza matelefone, mabati chini kidogo kiasi kwamba mtu mrefu anainama. Ndani kuna maradio yaliyokufa paka juu, maampli, makaseti, ukuta mzima, na mbele ya papa kuna mikebe ya sardini kama makumi matatu, kila mkebe na vipande vyake: hapa rezistansi, hapa kondansa, hapa vibutoni, hapa potansiometa zile za kuzungusha. Papa mwenyewe ni mtu wa miaka kama sitini hivi, miwani imefungwa na fil upande moja, na iko na petit wa kumusaidia, kijana mwenye hasemi mingi lakini akisema anauma.

Nikasalimia, nikasema, "Papa, nalomba potansiometa sita."

"Za nini, kijana yangu?"

"Za kontrola ya muziki, papa."

"Sikuulize ya kutengeneza nini. Nakuuliza A ao B."

Nikanyamaza. Petit akacheka chini chini. Papa hakucheka, akatosha testeri yake, akakamata potansiometa mbili mu mkebe, kwa macho zinafanana kama mapacha. Moja mgongoni imeandikwa B10K, ingine A10K. Akaweka zote mbili katikati kabisa, sawa na saa sita. Ile ya B akaipima kutoka mguu wa pembeni paka mguu wa katikati: karibu ohm elfu tano, nusu ya elfu kumi, kama mtu yeyote anavyoweza kuwaza. Ile ya A, fasi ile ile ya katikati, ikasoma elfu moja na kidogo. Akaniangalia juu ya miwani. "Hii ya A ni ya sauti, ya radio. Sikio ya mtu haisikiaka sawa na hesabu, njo maana waliitengeneza inapanda polepole kisha inaruka. Kompyuta yako iko na sikio?" Hapana papa. "Basi kamata B."

Namna hiyo, mbele hajakula hata franka yangu. Akapima zote sita, moja moja, akizungusha polepole na kuangalia kama namba inatembea bila kuruka, mbili akazibadilisha juu zilikuwa zinakwaruza, ndani zimeingia ile vumbi nyeusi yetu ya Goma yenye inaingiaka hata mu jino. Franka 1.500 moja. Ni za kutoka mu maradio ya zamani, si mpya, mjue hiyo. Lakini mpaka leo hakuna hata moja imenisumbua, na zile mpya nilinunuaka fasi ingine mbili zilianza kutikisika shingo mu mwezi moja.

Bodi sasa. Yeye hauzishaka mabodi mapya sana, ni petit njo anayaleta, anasema yanatoka Kampala. Alikuwa na Pro Micro tatu, za kuiga, dola 11. Nikamwambia mi nilishaumia mara moja, sinunui kitu bila kuona. Petit akasema hakuna shida yaya, ile kompyuta iko mu sakoshi si ni yako, ichomeke. Nikatosha laptopu, nikatosha kable yangu ya telefone, nikachomeka. Kimya. Kompyuta haioni kitu. Nikaanza kusema unaona sasa, na hii mbovu, na sauti yangu imepanda kidogo nakubali. Petit akakamata kable yangu, akaigeuza, akasema:

"Yaya, hii kable ni ya kula tu. Haijue kusema."

Akachomeka kable ya kwake, na pale pale kompyuta ikalia, ikaandika Arduino Leonardo. Kisha kwa kunifundisha akakata kable moja mbovu iliyokuwa chini, ndani kulikuwa fil mbili tu, nyekundu na nyeusi, ya kupeleka kuranti, basi. Ile ya kusema iko na nne, kuna ya kijani na ya nyeupe zaidi, hizo njo zinapitisha maneno. Ndugu zangu, makable mingi yanauzishwa pale barabarani ni ya kula tu. Watu wangapi wametupa bodi nzima juu ya hiyo!

Malalamiko yangu ya kwanza kwa papa: alinirudishia noti. Nilimpa kumi ya dola, iko na kapasuko kadogo pembeni kama ukucha ya mtoto, akasema hii siwezi, wenye kutuletea vitu wataikataa na mi. Najua, Kongo nzima iko hivi, lakini ilinibidi niende ku mwenye kubadilisha pesa, naye akaikata bei, nikapoteza. Pia hakuna risiti, hakuna garanti ya karatasi. Neno lake tu. Na jumamosi hafungue, ni siku yake ya kusali, mi nilifika jumamosi ya kwanza na jua yote nikakuta kufuli.

Lakini njo hapa napanda nyota. Nilimwambia sijue kusude. Akasema kaa. Kuranti ilikuwa imekatika, na mi nilifikiri basi tutarudi kesho, kumbe iko na feri ya zamani ya shaba, nzito, isiyo na waya, petit akaitia mu mbabula kati ya makala, pale pale mama moja alikuwa anachomea mahindi. Papa akanionyesha: watu wa kuanza wanayeyusha eteni (ile chuma laini ya kusudea) ku feri kisha wanaipaka ku kipande kama wanapaka siagi ku mkate, hapana. Peleka moto ku mguu wa kipande na ku shaba ya bodi, vyote viwili pamoja, hesabu moja mbili tatu, kisha gusisha eteni upande wingine wa mguu, si ku feri. Eteni inakwenda yenyewe kutafuta moto. Na akasema neno lenye sitasahau: "Ikikaa kama Nyiragongo, mlima wa kuteremka pande zote, umesude. Ikikaa kama mpira, hakuna kitu umefanya, itakukimbia." Ku bodi yangu ya kwanza kulikuwa mipira tisa. Nilihesabu.

Hakunilipisha franka ya hiyo somo. Nilimnunulia Fanta.

Faderi mbili sikununua kwake, na hapo njo nilijikuta nimesahau somo lake mara moja. Zilitoka mu konsoli ya sauti ya kanisa yetu. Ile konsoli ilianguka mu mwezi wa tano 2021, ile siku tulikimbia kuelekea Sake wakati serkali ilisema watu watoke juu ya volkano, mtu aliifunga juu ya pikipiki na kamba moja, fikiria. Tangu hapo ilikuwa imelala mu chumba cha koro. Nikalomba ruhusa, nikatosha faderi mbili nzuri, ndefu, za kuteleza kama mafuta. Nikazisude, nikafungua FL Studio, nikasukuma: hakuna kitu, hakuna kitu, hakuna kitu, kisha ku mwisho karibu sentimeta moja sauti inaruka yote kama mtu amefungua mlango. Nililaani kodi yangu siku mbili. Nilibadilisha kila kitu. Siku ya tatu nikageuza faderi, kwa herufi ndogo sana: A10K. Ni za sauti! Papa alinicheka mara hii, akacheka kweli paka miwani ikaanguka. Nilizibakisha, nikaandika mu kodi kameza ka kuzinyoosha, namba ya kuingia hii itoke hii, sasa inapanda karibu sawa. Lakini kama unaanza, usijitafutie hiyo kazi, kamata B. Na usiogope ukiona faderi ya konsoli iko na miguu sita, ni mbili ndani ya moja, ya kushoto na ya kuume, tumia miguu tatu ya upande moja uache ingine.

Kabodi kenyewe nitakahukumu sasa. Pro Micro iko na miguu 18 ya kutumia, na kati yake 9 inaweza kusoma vya kuzungusha. Mi niliweka vya kuzungusha 6, faderi 2, mabutoni 8, ni 16, inatosha na mbili zinabaki. Ukitaka zaidi ya tisa za kuzungusha utahitaji kachipu kama 4067 kenye kanafungulia milango 16 kwa zamu, mi sikugusa huko, siku ingine. Kusoma: bodi inakupa 0 paka 1023, MIDI inataka 0 paka 127, unagawanya na 8, hesabu ya darasa la tatu. Ile maktaba ya MIDIUSB (kodi zenye watu wameshaandika tayari) ni ya bure na mifano yake inaeleweka hata kama Kingereza chako ni cha kutafuta. Kosa langu hapo lilikuwa moja, nilisahau mstari wa mwisho wa flush, kontrola inaandika barua lakini haiitii mu posta, nilikaa saa nzima nazungusha na kompyuta inanitazama.

Mabutoni ya mashini za mchezo hapa sikupata, njo nilikamata mabutoni ya sonneti za mlango, franka 2.000 moja, nane. Watu wanacheka wakiziona, kila mtu anataka kupiga kengele. Ni ngumu kidogo ku kidole, kwa kupiga ngoma ya mbio hapana, kwa kufungua na kufunga lupu (vipande vya muziki vya kujirudia) zinafaa kabisa. Hazihitaji rezistansi ya nje, unawasha ile ya ndani ya bodi, mguu moja ku bodi, mguu wingine ku masi (GND, fasi kuranti inarudia). Ila ujue inasoma kinyume, ukifinya ni 0, ukiachia ni 1, na ukifinya mara moja chuma ya ndani inaruka-ruka kidogo kama mpira mbele ya kutulia, bodi ni ya mbio, inahesabu mara tatu, nne. Nikaiambia ikishasikia mara moja inyamaze milisekonde ishirini. Ikatulia.

Halafu kulikuwa na shetani. Siku moja zile za kuzungusha tatu zikaanza kujiendesha zenyewe, ku skrini vishale vinacheza na mi mikono iko hewani, mama yangu akapita akauliza kama tuombe. Ilikuwa fil ya masi. Nilikuwa nimeiunganisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwenda ya tatu, moja kwa ingine, na kati ya tatu na nne kulikuwa ile mpira badala ya Nyiragongo. Potansiometa ikikosa masi inaruka ku namba ya juu, masi ikigusa tena inarudi, njo kucheza kote kule. Nikaisude tena, tukaacha kuomba.

Mafil yenyewe yalikuwa bure, niliyatosha ndani ya kable ya neti ya zamani, ile iko na fil 8 za rangi rangi. Ubaya ni ngumu, ukizikunja mara mingi zinakatika, lakini rangi zinasaidia sana usipotee.

Kasha nililomba kwa seremala mwenye kutengeneza chukudu (ile trotineti ya mbao ya kubeba mizigo), mbao nzito, nzuri, yenye kukaa miaka. Kosa lingine! Mbao ilikuwa nene kama vidole viwili, na shingo ya potansiometa ni fupi, haikufika hata nje, ekru haina fasi ya kushika. Akaniangalia kama mi njo mjinga, na ilikuwa kweli. Tukabakisha pembeni za mbao ya chukudu, juu tukaweka tripleksi ya milimeta 4, matobo ya milimeta 7. Hakuwa na mesh (ncha ya kutobolea) ya 7, alitoboa na chuma ya moto, matobo mawili yametoka kama yai. Dola 5 yote. Inabeba uzito, mtoto wa dada yangu ameshaikalia.

Ubaya mkubwa wa Pro Micro ya kuiga ni ile tundu ya USB. Imeshikwa na eteni kidogo tu, mtu akigonga kable inang'oka na inaenda na njia ya shaba. Yangu ilianza kutikisika wiki ya pili, papa akaipaka gundi ile ya kuchanganya mbili, tangu hapo haisongi. Paka gundi siku ya kwanza, usingoje. Na jambo lingine la kukutoa jasho: mu programu ya Arduino nilichagua bodi ya volti 3.3 ya megahezi 8, na yangu ni ya 5 na 16. Nikapakia. Kompyuta ikaacha kuiona kabisa, imekufa, dola 11. Sikulala. Kumbe kuna dawa, unagusisha mguu wa RST ku GND na kafil, mara mbili haraka haraka, bodi inaamka na inakupa sekonde 8, ndani ya hizo sekonde upakie kodi sahihi. Nilikosa mara tano, mara ya sita nikaibamba. Petit aliniambia hiyo ku telefone saa ine za usiku, na hakuniambia nitalipa.

Hesabu, juu najua mtauliza: Pro Micro 11, vya kuzungusha na sonneti pamoja karibu dola 9, seremala 5, eteni 2. Ni 27. Ongeza ile Uno ya shati nyeupe 15, ni 42, nilikopa mbili kwa dada. Kama uko na pesa ya kutosha na haupendi kujichoma vidole, nunua ya kampuni, itakuwa nzuri kuliko yangu, siwezi kusema bongo. Mi nilipata kitu chenye kikiharibika najua fasi ya kugusa.

Jumapili iliyopita niliipeleka ku ibada mara ya kwanza. Gita ya sebene ikapanda, ngoma ikashuka, wakati moja, mikono mbili. Mupiga bezi akaniangalia. Sikusema kitu.

Kaduka ka papa nakapa nyota 4 na nusu juu ya 5, nusu nimetosha juu ya ile noti yangu. Kabodi nyota 3 na nusu, ingekuwa na tundu ya nguvu ningepana 5. Ukienda, beba laptopu yako, kable yenye inajua kusema, noti zisizo pasuka, na muda, juu papa anapenda kueleza na hataki kukatizwa. Mvua ikinyesha sana wanafungaka juu maji inaingia. Butoni yangu ya saba inakwama tangu jumapili, ukiifinya inabaki ndani kama imechukia, nitairudisha jumatatu.